Hadhi ya Kisheria ya Saini ya Kidijitali katika Biashara ya Mtandaoni: Ngara na Biharamulo, 2000–2020

Barabara itokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Kigali hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara na kuvuka Mto Kagera katika daraja la Rusumo. Kwa miaka mitano, kingo mbili za mto huo zilikuwa na sheria zisizolingana. Rwanda iliitambua saini ya kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2010. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2015, ingawa zote mbili zilikuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mfanyabiashara wa Ngara aliyekubaliana bei kwa simu na mwenzake wa ng'ambo hakukosa mkataba kwa sababu hiyo. Sheria ya Mikataba ya 1961 iliujenga mkataba juu ya ridhaa huru, wala haikudai saini katika kila makubaliano. Ugumu ulikuwa katika ushahidi. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, aliyakubali machapisho ya kompyuta kuwa sehemu ya vitabu vya benki. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2007 yalifuata mkondo huo. Ni dhahiri kwamba benki ilinufaika mapema kuliko muuza maharage.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilipanua uwanja. Ili saini ihesabiwe kuwa salama, pamoja na masharti mengine, sharti imtambulishe mtiaji, iwe chini ya udhibiti wake, na ifichue badiliko lolote katika ujumbe. Sharti la udhibiti ndilo zito zaidi vijijini, ambako simu ya mkulima huweza kushikwa na mwanawe, na namba ya siri kutajwa mbele ya wakala. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulisogezwa hadi Januari 2020, uliliunganisha dole gumba, saini ya zamani ya asiyejua kuandika, na namba ya simu. Alama hiyo humtaja mwenye laini. Nani alibonyeza kukubali magunia mangapi na kwa bei gani, mdai hulazimika kulithibitisha kwa ushahidi mwingine.