Sindano za kuondoa ndita kwa daktari wa meno: Mambo ya kujua kabla ya kukaa kwenye kiti

Mtu ameenda kusafisha meno. Akiwa kwenye benchi anasubiri kuitwa, anaona bango ukutani: mikunjo ya uso inaondolewa hapahapa, kwa sindano, dakika chache tu. Mwingine tangazo la aina hiyo linamfikia WhatsApp, kwenye grupu la kamati ya harusi. Kwanza anacheka, halafu anageuza simu kuwa kioo na kukagua paji la uso.

Huduma hii imezoeleka kwenye kliniki nyingi za meno za Uingereza na Marekani, na matangazo ya mtandaoni hayana mpaka. Kwa mkazi wa Morogoro Mjini, awe Kihonda, Bigwa au Mazimbu, swali la kwanza huwa "shilingi ngapi?" Ni swali la haki, ila lina mawili ya kutangulia: ndani ya ile chupa kuna nini, na anayeshika sindano ni nani?

Ni dawa, si kipodozi

Kinachodungwa ni sumu ya botulinamu iliyosafishwa na kupimwa kwa viwango vidogo mno. Watu wengi wanaijua kwa jina la Botox. Lakini Botox ni jina la biashara la kampuni moja tu, kama vile watu wanavyoita kila dawa ya meno "kolgeti". Zipo nyingine, zikiwemo Dysport na Xeomin.

Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria aina ya Clostridium botulinum, wanaoweza kuzaliana kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya mahali pasipo na hewa. Ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliokula nyama ya nguruwe ya kuhifadhiwa msibani waliugua na baadhi yao wakafa. Mwanasayansi Émile van Ermengem alichunguza nyama hiyo na kumpata bakteria mhusika.

Ilikuwaje basi sumu ikawa dawa? Katika miaka ya 1970, daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco aliijaribu kwa watu wenye makengeza. Alidunga kiasi kidogo kwenye msuli unaovuta jicho upande, msuli ukalegea. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kope zinazojikaza zenyewe mwaka 1989. Huko Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waligundua kwamba waliotibiwa macho walikuwa wanapoteza pia ndita za katikati ya nyusi. Walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha Botox kwa ajili ya ndita hizo.

Kwa hiyo hata inapotumika kwa urembo, hii inabaki kuwa dawa. Tanzania inatenganisha vitu hivi viwili. Tangu 2019, vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Losheni mtu anaweza kuinunua dukani akajipaka mwenyewe. Sindano hii haifai kununuliwa hivyo, wala kudungwa saluni au sebuleni kwa shoga.

Inafanyaje kazi?

Mtu anapokunja uso, mishipa ya fahamu hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kemikali hiyo ndiyo inayoamuru msuli ujikaze. Dawa inazuia kemikali hiyo isitoke. Msuli unalegea, na ngozi iliyo juu yake inatulia.

Ndiyo maana inafaa zaidi kwa mistari inayotokana na kukunja uso: ndita za kati ya nyusi, mistari ya paji la uso na ile ya pembeni mwa macho mtu anapocheka. Haing'arishi ngozi, haitoi madoa, haijazi mashavu yaliyobonyea, wala haiinui ngozi iliyolegea kwa umri. Kujaza mashavu au midomo ni kazi ya fila, ambayo ni sindano tofauti na ina hatari zake tofauti.

Matokeo hayaonekani papo hapo. Kwa kawaida huanza baada ya siku chache, hukamilika ndani ya wiki mbili hivi, na hudumu miezi mitatu hadi minne. Baada ya hapo msuli unarudi kufanya kazi na ndita zinarudi. Anayetaka kuendelea nayo ajue analipia kitu cha kurudia mara kadhaa kwa mwaka. Na bibi harusi anayepanga kudungwa siku mbili kabla ya sendofu amechelewa: uso utakuwa bado haujatulia, na kama kuna alama ya damu kuvilia, picha zote zitaionyesha.

Kwa nini kwa daktari wa meno?

Wazo lenyewe si la ajabu. Daktari wa meno anasomea misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu ya uso na taya. Kila siku anadunga sindano ya ganzi mdomoni, sehemu ambayo wengi wanaiogopa kuliko paji la uso. Anajua kuua vijidudu kwenye vifaa, na anajua kumhudumia mgonjwa aliyezimia kwenye kiti.

Tena dawa hii ina kazi upande wa meno. Baadhi ya madaktari huitumia kulegeza msuli mkubwa wa kutafunia kwa wanaosaga meno usingizini, hasa pale ambapo kinga ya plastiki ya kuvaa usiku haikusaidia. Hutumika pia kwa mtu ambaye akicheka fizi zinaonekana kupita kiasi. Lakini kulegeza msuli wa kutafunia kuna gharama yake: mgonjwa anaweza kuona taya linachoka haraka anapokula nyama ngumu au mahindi ya kuchoma.

Hata hivyo, leseni ya kung'oa jino si cheti cha kudunga paji la uso. Nchini Uingereza, Baraza la Madaktari wa Meno haliihesabu huduma hii kuwa sehemu ya udaktari wa meno. Daktari anayetaka kuitoa lazima awe amepata mafunzo ya ziada na awe na bima inayoigusa.

Hapa nyumbani kuna jambo jingine la kuangalia. Kwenye kliniki za meno, kila aliyevaa koti jeupe anaitwa "dokta". Kumbe ngazi zinatofautiana: kuna daktari wa meno mwenye shahada, kuna daktari msaidizi wa meno, na kuna tabibu wa meno. Wote wana kazi yao halali na wengi ni hodari kweli. Ila mafunzo yao hayako sawa, na mteja ana haki ya kujua aliye mbele yake ni nani. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, wanataaluma hawa husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Chupa inayoonekana tupu

Botox halisi huja kwenye kichupa cha kioo. Ndani kuna unga mchache sana, kiasi kwamba chupa inaweza kuonekana kama haina kitu. Mtaalamu huuchanganya na maji safi ya chumvi ya hospitalini, kisha anavuta kiasi anachohitaji kwa kipimo kinachoitwa yuniti. Ndita za kati ya nyusi kwa kawaida huchukua yuniti 20 za Botox. Yuniti za Botox si sawa na za Dysport, kwa hiyo anayebadilisha chapa bila kubadilisha hesabu anaharibu kipimo.

Kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Kikishachanganywa kinapaswa kutumika ndani ya saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika, kliniki isiyo na jenereta wala utaratibu wa kulinda ubaridi ina tatizo, hata kama daktari wake ni bingwa. Na "ofa" ya kumalizia dawa iliyobaki wiki iliyopita si ya kupokea.

Hatari kubwa zaidi ni dawa bandia. Mwaka 2004 huko Florida, watu wanne, akiwemo daktari mwenyewe, walipooza baada ya kudungwa sumu ya maabara ambayo haikuruhusiwa kutumika kwa binadamu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Dysport bandia. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 walioathirika baada ya sindano za aina hii, na nusu yao walilazwa. Baadhi walikuwa wamedungwa dawa bandia au iliyopita njia za panya, na wengine walidungwa na watu wasio na leseni au nje ya vituo vya afya. Kama hayo yanatokea kwenye nchi yenye ukaguzi mkali, chupa iliyokuja kwenye begi la msafiri ni ya kuogopa zaidi.

Madhara yakoje?

Mengi ni madogo: maumivu sehemu ya sindano, damu kuvilia, kichwa kuuma siku moja au mbili. Lipo lile linaloudhi zaidi, kope moja kulegea na jicho kuonekana limesinzia. Hutokea dawa inapofika kwenye msuli usiokusudiwa. Kwa kawaida hupona lenyewe, lakini huchukua wiki kadhaa. Hakuna sindano ya kurudisha uso ulivyokuwa jana.

Dalili za hatari ni hizi: kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kuona vitu viwiliviwili, mwili kuishiwa nguvu, na kupumua kwa shida. Zinaweza kuanza saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa baadaye. Anayepata mojawapo asisubiri asubuhi wala asipoteze muda kubishana na kliniki kwenye simu. Aende haraka hospitali, kwa wa Morogoro Mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na aseme wazi kwamba amedungwa sumu ya botulinamu, siku gani na jina gani la dawa. Wengine huona aibu kutaja urembo. Aibu hiyo inaweza kumfanya daktari atafute kiharusi wakati tatizo ni jingine.

Nani asidungwe?

Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu, hasa ule unaofanya kope na misuli ilegee yenyewe, anaweza kudhurika vibaya. Mwenye jipu au maambukizi pale panapotakiwa kudungwa asubiri apone. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Vilevile aliye kwenye matibabu ya antibayotiki ya jentamaisini, kwa kuwa inaweza kuongeza nguvu ya sumu hii.

Vijana wadogo nao hawahusiki. England ilipiga marufuku sindano hizi kwa urembo kwa walio chini ya miaka 18 kuanzia Oktoba 1, 2021.

Kudungwa Dar na kurudi Moro

Tangu Juni 2024, treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa chini ya saa mbili. Mtu anaweza kwenda asubuhi, akadungwa, na jioni akashuka kwenye stesheni ya Morogoro kama hakuna kilichotokea. Shida ni kwamba sindano hii haionyeshi kasoro siku hiyohiyo. Kope ikilegea, italegea siku kadhaa baadaye, mtu akiwa kazini kwake. Kwa hiyo nauli ya kurudi kukaguliwa baada ya wiki mbili ihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.

Maswali ya kuuliza

Mteja hahitaji kuwa mtaalamu. Maswali haya sita yanamtosha:

1. "Dokta, jina lako kamili na namba yako ya usajili ni ipi?"
2. "Sindano hizi umejifunzia wapi, na ni muda gani sasa unazitoa?"
3. "Dawa ni ya kampuni gani, na imesajiliwa na TMDA?"
4. "Naomba nione kichupa kabla hakijafunguliwa: jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda."
5. "Nitadungwa yuniti ngapi, na wapi?"
6. "Nikipata tatizo usiku, nampigia nani?"

Majibu yaandikwe, na picha ya lebo ya kichupa ibaki kwenye simu ya mteja. Daktari mzuri hachukii maswali haya, na yeye atakuwa na ya kwake: magonjwa, dawa zinazotumika, ujauzito. Anayechukia kuulizwa, au anayedunga bila kuuliza chochote, ameshajibu.

Kuna pia jibu la bei nafuu. Jua ndilo linalozeesha ngozi kwa kasi, hata nyeusi, ingawa ngozi nyeusi ina kinga kubwa zaidi. Kofia pana, kivuli saa za mchana na kuacha sigara husaidia. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni haziondoi mikunjo, zinaharibu ngozi. Mwenye wasiwasi na ngozi yake anaweza kuanzia kwa daktari wa ngozi. Tanzania ina kituo cha kufundisha wataalamu hao KCMC, Moshi, tangu 1992.

Ndita zinaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi, mpaka yule aliyetoa tangazo awe amejibu maswali yote sita.