Lenzi Huamuliwa na Mdomo wa Kamera

Mtu anayenunua kamera ya fremu kamili isiyo na kioo siku hizi hukutana kwanza na maswali ya lenzi: milimita ngapi, f ngapi, zumu au ya umbali mmoja. Ni maswali ya haki, ila huja yakiwa yamechelewa. Anapoanza kuyajibu, jambo zito limeshaamuliwa na lile duara la chuma lililo mbele ya kamera, pale lenzi inapofungwa, ambalo hapa nitaliita mdomo. Kuna upana wake, kuna umbali wake hadi kwenye sensa, na kuna suala la nani anaruhusiwa kuutengenezea lenzi. Matatu hayo ndiyo yanayopanga mpiga picha atapata vioo gani, vya uzito gani na kwa bei gani. Ninachodai ni kwamba katika karibu miaka mia moja ya kamera ndogo, hilo la tatu limekuwa na nguvu kuliko mawili ya kwanza, ingawa matangazo ya viwanda hutuvuta tutazame upana na umbali tu.

Fremu yenyewe ni urithi wa sinema. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35, akaulaza ubavu, akaunganisha picha mbili za milimita 18 kwa 24 zikawa moja ya 24 kwa 36. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha mambo, na Leica ikaingia sokoni mwaka 1925 ikiwa na lenzi moja tu isiyotoka, ya milimita 50 na f/3.5, kazi ya Max Berek. Kuchagua lenzi hakukuwepo. Mwaka 1930 Leitz waliiwezesha lenzi kutoka kwa hesi yenye kipenyo cha milimita 39, lakini mwanzoni kila lenzi ililinganishwa kiwandani na kamera yake, nambari kwa nambari. Ukiifunga kwenye kamera ya mwenzako, picha hutoka na ukungu. Mwaka uliofuata ndipo umbali kutoka mdomoni hadi kwenye mkanda uliposawazishwa kuwa milimita 28.8 kwa kamera zote. Usawazishaji huo haukuboresha kioo hata kimoja. Hata hivyo ndio uliozaa soko la lenzi tunalolijua, maana sasa fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza chuma aliweza kutengeneza lenzi ya kamera ambayo hajawahi kuigusa.

Atakuja mtu aseme kwamba kilichoshinda ni ubora wa vioo vya Leitz. Ushahidi haukubali. Mwaka 1932 Zeiss Ikon walitoa kamera ya Contax, na lenzi za Sonnar alizobuni Ludwig Bertele kwa ajili yake, ikiwemo ya milimita 50 na f/1.5, zilikuwa na mwanga ambao Leitz walihangaika kuufikia. Lakini mdomo wa Contax ulikuwa mgumu kuigwa: sehemu ya mtambo wa kulenga ukali wa picha ilikaa ndani ya kamera yenyewe. Hesi ya milimita 39 ilikuwa rahisi. Kiwanda cha FED mjini Kharkiv kiliiga Leica tangu mwaka 1934, Wajapani wakafuata, na baada ya Vita Kuu ya Pili Warusi waliichukua michoro ileile ya Sonnar, wakaiita Jupiter na kuikatia hesi ya Leica. Vioo vya Zeiss vilisambaa duniani kupitia mdomo wa mshindani wake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi nani bwana na nani mtumwa kati ya kioo na chuma kinachokishika.

Mfano wa pili unatoka Japani mwaka 1950. David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alionyeshwa picha zilizopigwa na mwenzake wa Kijapani kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85, akastaajabu, akaenda kiwandani Nippon Kogaku, kampuni iliyokuja kuitwa Nikon, kujionea. Vita vya Korea vilipolipuka mwaka huohuo, alikwenda navyo vioo vya Nikkor vikiwa vimefungwa kwenye kamera zake za Leica. Gazeti la New York Times likaandika habari ya lenzi hizo za Kijapani kabla ya mwaka kwisha, na jina la Nikon likajulikana Magharibi. Tuangalie kwa makini kilichowezesha hilo. Hakuna aliyemtaka Duncan atupe kamera zake. Alibadili kioo tu, kwa kuwa mdomo ulikuwa mali ya wote kwa vitendo, hata kama haukuwa hivyo kwa sheria. Na wale wanaosema leo kwamba lenzi ya kampuni ya nje daima ni ya daraja la pili wakumbuke kwamba Nikkor ilianza safari yake ya umaarufu ikiwa lenzi ya nje kwenye kamera ya Mjerumani.

Kisha kikaja kioo cha ndani, kile kinachopandisha picha hadi jichoni na kuruka juu unapobonyeza. Nikon F ya mwaka 1959 iliweka umbali wa milimita 46.5 kati ya mdomo na mkanda, kwa sababu kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka na kushuka. Lenzi ndefu hazikujali. Taabu iliwapata wenye lenzi pana. Lenzi ya milimita 21, ikijengwa kwa njia ya kawaida, hutaka kioo chake cha nyuma kikae karibu kabisa na mkanda, na pale sasa palikuwa na kioo kinachorukaruka. Nikkor ya milimita 21 na f/4 iliyotolewa kwa Nikon F iliingizwa kwa nguvu: ulifunga kwanza kioo cha kamera kibaki juu, ukasukuma mwisho wa lenzi ndani ya tumbo la kamera, halafu, kwa kuwa huoni chochote tena kwa dirisha la kawaida, ukabandika kidirisha kingine juu ya kamera ili ukadirie unachopiga. Dawa ya kweli ilitoka kwa Mfaransa Pierre Angénieux, ambaye mwaka 1950 alitoa lenzi ya milimita 35 yenye kundi la vioo vya kutawanya mwanga mbele, hivyo picha hujikusanya mbali zaidi nyuma ya lenzi. Viwanda vyote vilifuata njia hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Gharama yake ilikuwa vioo vingi zaidi, uzito zaidi na mistari iliyopinda pembeni.

Katika enzi hiyo ya kioo ndipo kila nyumba ilipojifungia na mdomo wake. Nikon walishikilia wa kwao, na mwaka 2020 bado walikuwa wakitoa kamera mpya zenye mdomo uleule wa 1959. Canon walifanya kinyume. Baada ya Minolta kuonyesha mwaka 1985 kwamba kamera inaweza kulenga yenyewe, Canon walitupa mdomo wao wa zamani mwaka 1987 na kuleta EF, mpana wa milimita 54, ambao haukuwa na mkono wowote wa chuma wa kuendesha lenzi. Mawasiliano yote yalipita kwenye vidole vya umeme. Waliokuwa na makabati ya lenzi za zamani walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini hadi mwaka 2014 Canon walikuwa wameshatengeneza lenzi milioni 100 za EF. Kuanzia hapo, mdomo haukuwa tena chuma tu. Ukawa na lugha ya siri, na kampuni za nje kama Sigma na Tamron zililazimika kuichambua kwa kubahatisha.

Kamera isiyo na kioo ilipofika kwenye fremu kamili, mengi ya hayo yalirudi yalikoanzia. Leica M9 ilikuwa imeshapachika sensa ya ukubwa huo mwaka 2009 ndani ya umbo la kale. Mwezi Oktoba 2013 Sony walitoa A7, yenye mdomo wa upana wa milimita 46 hivi na umbali wa milimita 18 tu hadi kwenye sensa, mdomo waliokuwa wamezindua mwaka 2010 kwa sensa ndogo. Lenzi zake mwanzoni zilihesabika kwa vidole. Wanunuzi wakajaza pengo kwa adapta, maana umbali ulikuwa mfupi kiasi kwamba karibu lenzi yoyote iliyowahi kutengenezwa iliweza kuongezewa bomba na kufungwa. Hapo hutolewa hoja kwamba adapta imeua suala la mdomo. Imelipunguza, haijaliua. Lenzi pana za zama za mkanda, zilizojengwa kukaa karibu na filamu, huipiga sensa kwa miale iliyolala sana. Miale hiyo hupita upande kwenye kioo chembamba kinachofunika sensa, na pembe za picha hutoka hafifu au zikiwa na rangi ya zambarau. Filamu haikuwa na tatizo hilo. Na lenzi inayolengwa kwa mkono haimfai sana anayepiga bibi harusi akiingia ukumbini huku taa zikizimwa.

Mwaka 2018 Nikon walileta mdomo Z, upana milimita 55 na umbali 16. Canon wakaleta RF, 54 na 20. Leica, Panasonic na Sigma wakaungana kwenye mdomo L wa umbali wa milimita 20. Matangazo ya mwaka ule yaliimba upana. Ilielezwa, na wapenzi wengi wakarudia, kwamba mdomo mwembamba wa Sony usingebeba kwa heshima lenzi zenye mwanga mwingi. Hoja hiyo ina msingi wa kifizikia: mdomo mpana humpa mbunifu uhuru wa kuweka vioo vikubwa nyuma. Lakini uhuru huo unazaa nini mkononi mwa mnunuzi? Lenzi ya milimita 50 na f/1.2 ipo kwa nyumba zote tatu. Ya Canon, ya 2018, ina gramu 950. Ya Nikon, ya 2020, ina gramu 1,090. Ya Sony, ya 2021, ndiyo nyepesi kuliko zote, gramu 778, na hakuna aliyeilaumu kwa udhaifu wa picha. Nikon walitumia upana wao kutengeneza Noct ya f/0.95, chombo cha ajabu cha kulenga kwa mkono ambacho wachache watakinunua.

Kilichobadilisha maisha ya wapiga picha wa kawaida ni uamuzi mwingine usio na mvuto wa tangazo. Mwaka 2011 Sony walitangaza kuwapa watengenezaji wengine taarifa za msingi za mdomo wao. Mwaka 2018 Tamron wakaja na zumu ya milimita 28 hadi 75, f/2.8, ya gramu 550 na bei ya dola 800 hivi, wakati zumu ya daraja la juu ya Sony wenyewe, ya 24 hadi 70, ilikuwa na gramu 886 na bei ya zaidi ya dola 2,000. (Sony walikuwa na hisa katika Tamron, kwa hiyo tusiwavishe utakatifu.) Canon walichukua njia nyingine. Mwaka 2022 kampuni ya Viltrox iliacha kuuza lenzi zake za kujilenga za mdomo RF baada ya kukatazwa, na Canon walipolegeza mwaka 2024 waliwaruhusu Sigma na Tamron kwenye lenzi za sensa ndogo.

Utetezi wa mlango uliofungwa haupaswi kudharauliwa. Nyumba moja inapotengeneza kamera na lenzi, inaweza kuiachia programu kazi ambayo zamani ilifanywa na kioo. Lenzi ya RF ya milimita 16 na f/2.8 ina gramu 165 tu na bei ya chini, kwa sababu picha yake ghafi hupinda vibaya pembeni na kamera huinyoosha kabla hujaiona. Canon pia wana milimita 50 ya f/1.8 yenye gramu 160. Ni lenzi za kweli kwa watu wa kipato cha kawaida. Tatizo ni la katikati: kati ya lenzi hizo ndogo na zile za daraja la juu, mwenye mdomo uliofungwa hungoja hisani ya kiwanda kimoja, wakati mwenye mdomo uliofunguliwa huchagua kati ya wanne au watano wanaoshindana.

Kwa anayenunua sasa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambako lenzi iliyotumika ndiyo njia ya wengi, ushauri wangu ni huu. Andika kwanza lenzi tatu utakazohitaji kwa kazi, kisha angalia ni kampuni ngapi zinazitengeneza kwa mdomo unaoutazamia na ngapi kati ya hizo huonekana kwa wauzaji wa mtumba, kamera itafuata. Na kama una lenzi za EF kabatini, usiziuze kwa bei ya kutupa. Adapta ya Canon wenyewe ya kuzihamishia kwenye RF haina kioo cha lenzi ndani, huzisogeza tu kwa milimita 24 zilizoachwa wazi kioo kilipoondolewa, nazo hujilenga kama zamani.