Dubu wa Ami wa Dira



Mliokuwapo katika mkutano wetu uliopita mnakumbuka jinsi karamu ya usiku wa pili ilivyoharibika. Kijana wetu mmoja, msomi wa elimu ya wanyama, alisimama mbele ya wazee akasema kwamba Bara Arabu halina dubu, na kwa hiyo hadithi ya Ami wa Dira kumuua dubu milimani ni uongo mtupu. Hakusema kwa ubaya; alidhani watu watacheka. Lakini Shangazi yetu, ambaye ndiye pekee aliyesalia katika nduguze Ami, aliinuka akaenda zake chumbani bila ya kugusa sahani, na mpaka ninapoandika haya hajasema na kijana huyo. Kamati iliniomba niichunguze habari hii. Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa, kwani sikujua wakati ule kwamba uchunguzi utaishia mlangoni kwangu mwenyewe.

Hadithi kama tulivyoipokea wote, kutoka Mombasa hadi Toronto, ni hii. Ami aliondoka Mombasa mwaka 1956 kwenda kuhiji, asirudi. Alikuwa dereva Jeddah, kisha Riyadh, na huko siku moja jioni alipanda mlima peke yake, akapambana na dubu mkubwa kuliko ng'ombe, akamuua kwa risasi moja. Mkewe, Bi Mkubwa, alikuwa hemani akipika.

Nianze kwa kumpa kijana haki yake. Dubu hawako Hijazi wala Najdi. Dubu wa Shamu walikuwako katika milima ya Lebanoni na Syria mpaka karne ya 20, na wengine wa jinsi yao wangali wako Uturuki na Iran, lakini kutoka huko mpaka Taif ni mwendo wa kilomita elfu na zaidi, na jangwa liko katikati. Bara la Afrika nalo lilikuwa na dubu wa milima ya Atlas tu, Morocco na Algeria, nao walitoweka katika karne ya 19. Sisi watu wa pwani hatujapata kumwona dubu kwa macho. Hata jina tumeliazima kwa Waarabu, wanaosema dubb, nao wamewaita dubu wakubwa na wadogo mpaka nyota za mbinguni. Tuna neno zuri la mnyama ambaye hatunaye, na neno lisilokuwa na mnyama wake ni rahisi kupata mnyama mwingine wa kulivaa.

Jambo hili si geni katika ukoo wetu. Wangapi kati yenu mlidhani kwamba marehemu aliitwa Ami wa Dira kwa sababu alikuwa baharia, ameshika dira ya chombo? Nimeona hata katika mti wa ukoo uliochorwa na vijana wetu wa Uingereza, jina lake limepambwa kwa picha ya dira na nanga. Marehemu hakuwa baharia. Alitapika toka Mombasa mpaka Jeddah. Dira yake ni al-Dirah, mtaa wa kale wa Riyadh. Kwa Waarabu neno hilo ni nchi ya watu, makao yao, mahali wanapojulikana. Katikati ya mtaa huo imesimama ngome ya udongo ya Masmak, ambayo Abdulaziz bin Abdulrahman aliiteka mwezi wa Januari 1902 na kuurudisha mji mikononi mwa Al Saud, baada ya miaka kumi na kitu ya kuwa chini ya Al Rashid wa Hail. Ami alipohamia Riyadh mji ulikuwa umekwisha kuvunja kuta zake na kuanza kukimbilia kaskazini kwa saruji na lami, lakini yeye alipanga vyumba viwili vya udongo karibu na Suku al-Zal, kunakouzwa mazulia, majambia na udi. Barua zake zote alizianza kwa maneno "kutoka Dira".

Barua hizo ndizo nilizozitafuta. Miaka niliyotumikia serikali ilinifunza jambo moja, kutotia saini kabla ya kulifungua faili. Binti wa Shangazi alikuwa amezihifadhi katika bati la biskuti, barua kumi na tisa, zote kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kama walivyoandika watu wa rika lake. Ya kumi na moja ina tarehe 20 Jamadil Awwal 1389, yaani mwanzoni mwa Agosti 1969. Wiki mbili kabla yake Wamarekani walikuwa wametua mwezini, lakini Ami hakulitaja hilo hata kwa neno moja. Alikuwa na habari kubwa zaidi. Aliandika kwamba ofisi yao imehamia Taif kwa majira ya joto, kama serikali ya huko ilivyozoea siku hizo kuikimbia hari ya Riyadh, na kwamba mwenyeji mmoja wa milima ya Shafa amewaalika yeye na mkewe kwa siku tatu. Kisha yako maneno haya: "Na Alhamisi magharibi tulimpiga, mimi na mwenzangu," na baada yake jina la mnyama.

Jina hilo halikuandikwa kwa dali. Limeandikwa kwa herufi tatu zilizo wazi kabisa: dhadi, be, aini. Asomaye Kiarabu atalijua mara moja. Si dubb. Ni dhabu', nao ni fisi.

Sasa nieleze ninavyokumbuka, kwani nilikuwako. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimekaa mkekani Kibokoni pamoja na wenzangu, na barua ilisomwa na marehemu mwalimu wetu wa chuoni. Alipofika kwenye neno lile alilitamka kama anavyotamka Kurani, akaimeza aini kooni. Nyanya akauliza, "Ndiye mnyama gani huyo?" Mwalimu akajibu kwamba ni mnyama wa porini wa Arabuni, akaendelea na salamu. Naamini alijua vizuri. Alikuwa mtu wa adabu, na mbele yake palikuwa na mama aliyekuwa akijifuta machozi kwa furaha ya kupata barua ya mwanawe. Mimi nilikuwa na kitabu cha shule chenye picha ya dubu amesimama kwa miguu miwili. Nikakimbia kukileta, nikawaonyesha wenzangu: huyu ndiye aliyepigwa na Ami. Nyanya akakitazama kitabu kwa muda mrefu, akasema, "Mashallah." Tangu usiku ule mnyama akawa dubu, na kila mwaka akaongezeka uzito.

Kwa hiyo ikiwa uongo ulisemwa, hakuusema Ami. Niliusema mimi, kwa herufi mbili nilizozisikia vibaya.

Limebaki swali: mtu wa Mombasa anayelijua neno fisi tangu utotoni, kwa nini aliandike kwa Kiarabu katika barua ya Kiswahili? Jibu nilikuwa nalo tangu 2002 bila ya kujua kwamba ni jibu. Mwaka huo nilikwenda umra nikakaa kwa Bi Mkubwa Jeddah, miaka kumi na moja baada ya Ami kufariki, na usiku mmoja nilimwomba anisimulie habari za dubu. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akanisimulia uwindaji wa Shafa tangu mwanzo mpaka mwisho, pasipo kulitamka jina la mnyama. Alimwita "yule" tu, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

Milima hiyo ya Sarawat si mchezo. Unatoka katika joto la Tihama, unapanda mpaka karibu mita 2,000 na zaidi, majabali yamepasuka kwa mabonde yasiyoonekana chini, na juu yake mmeota mitarakwa, mti ule ule wa nyanda za juu za Kenya. Bi Mkubwa alisema alipouona alilia. Wafugaji wa huko walikuwa na vita vya kale na wanyama wala mbuzi: chui, mbwa mwitu na fisi mwenye milia, ambaye ni mdogo kuliko fisi wetu wa madoa, mwenye manyoya marefu mgongoni ambayo huyasimamisha anapotishwa, akaonekana mkubwa zaidi. (Hapa pana asili ya "mkubwa kuliko ng'ombe", naona.) Mababu zao walijenga mitego ya mawe, kijumba chembamba chenye nyama ndani na jiwe la kuangukia mlangoni, na mabaki ya mitego ya namna hiyo yanaonekana mpaka leo katika milima ya Arabuni. Mwenyeji wao alikuwa amepoteza mbuzi wanne, na alikuwa na bunduki moja ya marisau.

Mke na mume kuwinda pamoja katika nchi ile si jambo lililoanza kwetu. Lady Anne Blunt, mjukuu wa mshairi Byron, alifika Hail na mumewe Wilfrid mwezi wa Januari 1879, wakiwa na kozi wa kuwindia na mbwa wa mbio. Katika bustani ya Amiri aliwaona paa, mbuzi wa milimani na choroa weupe wamefugwa, na katika kitabu chake cha 1881 aliwataja wanyama wa jangwa la Nefud. Fisi yumo, dubu hayumo. Lakini Lady Anne alikuwa na watumishi na ngamia. Bi Mkubwa alikuwa na kurunzi.

Fisi wa milia hatoki mchana. Walimweka mbuzi aliyekufa chini ya jabali, wakajilaza juu upande ambao upepo ulitoka bondeni kuja kwao, Ami na bunduki ya mwenyeji, Bi Mkubwa na kurunzi iliyofunikwa kwa ushungi. Mwenyeji alikuwa na homa, hakupanda. Ami, mlevi wa hadithi za uwindaji ambaye hakupata kupiga hata njiwa, alitetemeka mikono. Baada ya isha walisikia mfupa ukivunjika. Bi Mkubwa akaufunua mwanga, macho yakawaka. Ami akabana, bunduki isilie. Risasi ilikuwa imeoza. Hapo mnyama alipaswa kukimbia. Hakukimbia, kwa sababu mwanga haukutikisika. Bi Mkubwa alikuwa binti wa mvuvi wa usiku, amekua akimshikia babake taa ya karabai, na alifunzwa kwamba samaki hawaogopi mwanga bali huogopa mwanga unaotembea. Alihesabu pumzi zake, Ami akabadilisha risasi gizani kwa vidole visivyomtii, na bunduki ya pili ikalia. "Yeye alibana," aliniambia, "lakini mimi ndimi niliyemshika."

Basi huyo ndiye aliyekuwa hemani akipika.

Kuhusu kupika, sasa niseme lililomfanya Ami aandike kwa Kiarabu. Mwenyeji alichinja mbuzi kwa ajili ya wageni, na pamoja na mbuzi ikaletwa sahani ya yule mnyama. Wageni hawakatai chakula cha mwenyeji. Walikula. Kwetu pwani fisi ni najisi wa hadithi, mnyama wa wachawi. Mama yetu yeyote angelisikia hilo angeliosha masikio. Lakini yafaa mjue kwamba madhehebu yetu ya Imam Shafi, na ya Imam Hanbal pia, yanamhesabu fisi kuwa mnyama wa kuwindwa na halali kuliwa, kwa hadithi ya Jabir bin Abdullah, na aliye katika ihramu akimuua hulipa kondoo dume. Mahanafi wanamkataza. Ami alilijua hilo, na alijua pia kwamba Nyanya hakusoma fikihi. Alichagua neno lisilo na kosa mbele ya Mungu wala mbele ya mama.

Asubuhi walimkuta yule, kilichobaki kwake, ametundikwa mtini kando ya njia, desturi ya wafugaji. Bi Mkubwa alisema alikuwa jike, na mzee, meno ya upande mmoja yamekwisha. Hawakuwinda tena. Si wao waliowapunguza wanyama wa nchi ile; gari na bunduki za wenye uwezo zilifanya hivyo, hata choroa wa mwisho wa mwituni aliuawa Oman mwaka 1972. Serikali ya Saudia iliunda tume ya kuhifadhi wanyamapori mwaka 1986, ikawazalisha choroa hapo hapo Taif na kuwarudisha katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd mwaka 1990. Ami, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliikata habari hiyo gazetini. Nimeikuta katika bati lile, ndani ya bahasha ya barua ya mwisho.

Kabla ya kuandika nilimpigia simu Shangazi, nikamsomea kila kitu. Aliposikia kwamba barua ina fisi wala si dubu, na kwamba nduguye hakusema uongo, alimshukuru Mungu mara tatu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Na nyama, walikula?"

"Walikula, Shangazi."

Alinyamaza. "Basi wewe andika dubu."

Wiki moja baadaye alinipigia mwenyewe. Ameruhusu, kwa masharti mawili: niiweke kauli ya Imam Shafi mahali ambapo kila mtu ataiona, nami nimeiweka, na kijana aje Mombasa yeye mwenyewe, mchana, ale kwake.

Tiketi imekwisha kukatwa.