Sufuria, Ndege na Dashibodi ya Marehemu Babu

Wadau, nimeadimika kidogo. Kazi za chumba cha habari mnazijua: hujamaliza habari ya leo, mhariri anaulizia ya kesho. Lakini safari hii kulikuwa na jambo jingine lililonishika, nalo ni dashibodi. Ndiyo, dashibodi ya gari. Msicheke, someni kwanza.

Babu yangu mzaa mama aliacha Land Rover 109, ile Series III, kule Kilosa. Tangu alipofariki lilikaa chini ya mwembe. Mwaka jana akaja mnunuzi wa chuma chakavu akataka kulinunua kwa kilo. Macho yake yalikuwa kwenye bodi, kwa sababu ni alumini, na alumini ina wateja: wale jamaa wanaoyeyusha na kusubu sufuria. Mama zangu wadogo wakakubali. Mjomba akagoma. Kikao cha familia kikaisha kwa sharti moja: mjomba alivute hadi kwake Temeke alitengeneze, na ikifika Krismasi halijarudi Kilosa kwa magurudumu yake lenyewe, linauzwa.

Injini mjomba aliifufua. Ikabaki dashibodi. Ile ya plastiki jua lilikuwa limeipasua vipande, panya wakamalizia. Mjomba akaamua itengenezwe ya alumini, Gerezani. Hapo rafiki yake mmoja, mpenzi wa magari ya zamani, akaja juu: "Utaharibu uasili wa gari!" Mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu, wewe si umesoma chuo kikuu? Hebu tuambie, uasili ni upi?"

Nikaenda kusoma. Nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike.

Tuanze na sufuria. Julai 1940, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, waziri wa utengenezaji wa ndege, Lord Beaverbrook, aliwaomba akina mama wa nchi ile watoe sufuria zao za alumini zikageuzwe ndege za kivita. Wakatoa, marundo kwa marundo. Wengi leo husema zoezi lile liliwapa watu moyo zaidi kuliko lilivyoongeza ndege, lakini linaonyesha jinsi alumini ilivyothaminiwa. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule, na ndege inataka wepesi.

Vita ikaisha 1945, mambo yakageuka. Sasa chuma ndicho kikawa cha mgawo, na viwanda vinavyouza nje ndivyo vilivyopewa kwanza. Alumini ikawa rahisi zaidi kupatikana. Kampuni ya Rover, iliyokuwa Solihull, ilikuwa imetoka kutengeneza injini za ndege na sasa ilihitaji kitu cha kuuza. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Kimarekani, masalia ya jeshi. Ile Jeep ikifa, atanunua gari gani la Kiingereza la kufanya kazi hiyo? Hakulipata. Mwaka 1947 wakaanza kuunda lao. Gari la kwanza la majaribio lilitumia vipuri vya Jeep, na usukani wake ulikuwa katikati kama wa trekta! (Miaka hiyohiyo hapa kwetu, kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, Waingereza walileta matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Ilikuwa zama za kugeuza mabaki ya vita kuwa jembe.)

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesiamu. Paneli zake zilikuwa bapa, za kukunja tu, ili kampuni isiingie gharama ya mashine kubwa za kugandamiza bodi. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo inasimuliwa kuwa ni masalia ya rangi za ndege. Na lilikusudiwa kuwa gari la kusogeza siku tu, mpaka biashara ya magari ya kawaida itengemae. Lile la kusogeza siku, lililokuja kuitwa Defender mwaka 1990, likatengenezwa Solihull hadi 29 Januari 2016.

Na dashibodi je? Kwenye zile za mwanzo geji zilikaa katikati, kwenye kipande cha bati. Sababu ni biashara: gari la usukani wa kulia na la usukani wa kushoto yatumie kipande kilekile. Series II ya 1958 ikaendelea hivyohivyo. Plastiki ilikuja na Series III mwaka 1971, geji zikahamia mbele ya dereva. Kwa hiyo wadau, ule "uasili" aliokuwa akiutetea rafiki wa mjomba ulikuja miaka 23 baada ya Land Rover yenyewe kuzaliwa!

Nikarudi na jibu hilo, mjomba akacheka, tukaenda Gerezani.

Fundi alikata kielelezo kwa boksi la karatasi kwanza, akakijaribisha mara tatu, ndipo akagusa bati la alumini la milimita 2. Akakunja, akatoboa matundu ya geji, akalainisha kingo kwa tupa. Mimi nilitaka ibaki inang'aa. Akakataa: jua la saa sita likipiga hapo, dereva haoni barabara. Ikapakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Pale inapokutana na ukuta wa chuma wa gari akaweka mpira katikati. "Hivi viwili vikigusana na maji yakiingia, alumini inaliwa," akasema. Ndivyo kemia inavyosema pia.

Kosa lilikuwa langu. Nilijitia kusaidia kupitisha nyaya, tundu moja nikalipitisha bila kipete cha mpira. Plastiki haipitishi umeme, alumini inapitisha. Ukingo ukachubua waya, mjomba alipowasha tu, shoti! Moshi ukajaa, mjomba akakimbilia kuchomoa betri. Tulipoteza siku nne kubadilisha nyaya, na Krismasi ilikuwa wiki ijayo. Sikulala vizuri siku zile. Kama gari lingegeuzwa sufuria, ingekuwa kwa mkono wangu.

Tuliingia Kilosa jioni ya tarehe 23 Desemba. Mama mdogo akachungulia ndani, akaguna: "Mbona mmeweka sinia?" Kisha akapanda, akakaa kiti cha abiria alichokuwa akikaa zamani. Mita ya spidi ni ileile ya babu, tuliihamisha. Kilomita zake zimeendelea kuhesabu kutoka pale alipoishia.

Mama mdogo alikaa mle ndani mpaka giza likaingia. Hakuna aliyetaja tena habari za kilo.

Yule rafiki wa mjomba bado anasema tumeliharibu. Mimi nasema gari lililozaliwa kwa mabaki ya vita haliharibiki kwa bati la Gerezani. Nyie mnasemaje, wadau?