Poul Kjærholm: Seremala wa Denmark aliyegeukia jiwe na chuma

Katika miaka ya 1950 samani za Denmark zilivuma duniani, na sifa hiyo ilitokana hasa na mbao. Wabunifu kama Hans Wegner na Finn Juhl walishirikiana na mafundi seremala hodari wa Copenhagen, wakichonga viti vya msaji na mwaloni. Ilionekana kana kwamba pasipo mbao hapana samani ya Kidenmark.

Poul Kjærholm naye alianzia huko huko. Alizaliwa mwaka 1929 kaskazini mwa Denmark, akafunzwa useremala, kisha akasomea sanaa za ufundi mjini Copenhagen. Hata hivyo, kiti alichokitoa alipohitimu mwaka 1951 kilikuwa na kiunzi cha feleji kilichosukiwa kamba. Kwake yeye, chuma kilistahili heshima ile ile wanayopewa mti, ngozi na jiwe.

Mwaka 1956 alibuni meza ya sebuleni iitwayo PK61. Miguu yake ni ya feleji, na juu yake huwekwa kioo au bamba la jiwe: marumaru, au sleti, lile jiwe la kijivu lililotumiwa zamani kutengenezea vibao vya kuandikia shuleni. Bamba hilo halikupambwa kwa nakshi yoyote. Mistari ya jiwe lenyewe ndiyo pambo, na uzito wake ndio unaolituliza mahali pake.

Mwaka 1963 ikafuata PK54, meza ya kulia chakula. Bamba la mviringo la marumaru limekaa juu ya kiunzi cha mraba. Wageni wakiongezeka, huzungushiwa pete ya mbao yenye vipande sita. Hapo seremala wa zamani anaonekana tena, safari hii mbao zikiwa zimekuja kulisaidia jiwe.

Usahili wa namna hiyo haukuwa kazi rahisi. Fundi anayeweka nakshi aweza kuficha kasoro chini yake. Pale ambapo hapana nakshi, kila kiungo kiko wazi machoni pa mtazamaji.

Lakini hapo ndipo ulipozuka mvutano ambao haujakwisha. Børge Mogensen, aliyeongoza ubunifu wa samani za vyama vya ushirika vya Denmark tangu mwaka 1942, alitaka mtu wa kawaida apate samani nzuri kwa bei nafuu. Kiti chake cha mwaka 1947, J39, kiliingia katika nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini na cha kati. Kjærholm naye alibuni kwa kuzingatia uzalishaji wa viwandani, ila marumaru na feleji iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu vilizifanya meza zake ziwe za wenye uwezo na za majumba ya makumbusho.

Kjærholm alifariki dunia mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1982 kampuni ya Fritz Hansen ilianza kutengeneza samani zake.

Na jiwe alilolichagua lina tabia yake. Marumaru hudhuriwa na asidi: tone la ndimu au la siki likiachwa juu yake huacha alama. Meza isiyo na pambo lolote hatimaye hubeba kumbukumbu za waliokula juu yake, wawe matajiri au wageni wao.