Gari ya otomatiki ya bei ndogo na kilomita nyingi: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa

Kununua gari ya kwanza si jambo ndogo hapa kwetu Mahagi. Kwa wengi ni pesa ya likelemba, ao ngombe waliouzwa, ao mushahara uliowekwa kidogo kidogo kwa miaka. Kosa moja tu, na pesa yote inalala kwenye kiwanja, pine zimeisha hewa, kuku wanataga ndani. Ndiyo sababu tumekusanya hapa mambo ambayo wasikilizaji wanauliza sana: gari ya otomatiki iliyotembea sana, inafaa kununuliwa ao hapana? Na mutu mwenye pesa kidogo ataichagua namna gani?

Jibu kwa ufupi: inafaa, kama umeikagua wewe mwenyewe pamoja na fundi, na kama hukumaliza pesa yote kwenye bei.

Gari hizi zinatoka wapi?

Gari nyingi za mukono wa pili tunazoona kwenye barabara ya Goli zilitengenezwa Japani. Zinashuka bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, zinapanda hadi Kampala, kisha zinapita daraja la Pakwach juu ya Nile, Nebbi, na kuingia kwetu. Nchini Japani watu wanaendesha upande wa kushoto, sawa na Uganda, Kenya na Tanzania. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Kwa hiyo nyingi zina volan kuume, na nyingi ni za otomatiki kwa sababu Wajapani wenyewe wanapenda otomatiki.

Kuna gari za namna mbili, na tofauti ni kubwa. Ya kwanza ni ile iliyopita Uganda njiani tu, kuelekea Kongo. Ya pili ni ile iliyofanya kazi Uganda miaka mingi, kisha mwenyewe anaiuza. Jua jambo hili: tangu Oktoba 2018 Uganda inakataza kuingiza gari zilizofikisha miaka 15 ao zaidi tangu kutengenezwa. Basi mutu akikuonyesha gari ya mwaka 2002 yenye plaki ya Uganda na kusema "imetoka Japani juzi tu", mambo hayalingani. Kama iliingia Uganda kwa haki, imekwisha kukanyaga barabara za kule tangu zamani. Haimaanishi ni mbaya. Inamaanisha muuzaji ameanza na uongo.

Otomatiki inaogopesha juu ya nini?

Gari ya kawaida ina pedali tatu, na dereva mwenyewe anabadilisha vitesi. Otomatiki ina pedali mbili. Bwate ya vitesi inajibadilisha kwa nguvu ya mafuta yake yenye kusukumwa na pampu. Mafuta hayo yanalainisha, yanapoza, na ndiyo yanayobana diski za ndani ili gari iende. Mafuta yakipungua, yakiungua ao yakichanganyika na maji, bwate inakufa. Na bwate ikikufa, si kila fundi wa hapa atakayeifungua. Mara nyingi unatafuta bwate nyingine ya mukono wa pili Kampala, na bei yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya gari yenyewe.

Jambo lingine: otomatiki ambayo batri imekufa haiwaki kwa kusukumwa. Vijana kumi watasukuma hadi jioni bila faida. Batri nzima na kamba za kuazima moto ni lazima.

Kuna bwate za namna mbili. Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida, yenye vitesi ine ao zaidi. Ya pili inaitwa CVT: haina vitesi vya kuhesabu, ndani mna mukaba wa chuma kati ya puli mbili. CVT inapunguza matumizi ya esanse, lakini inataka mafuta yake ya pekee, haipendi joto wala mizigo mizito kwenye mulima, na mafundi wake ni wachache. Kwa mutu wa pesa kidogo anayeishi kwenye vilima vyetu, otomatiki ya kawaida ni salama zaidi.

Sasa utajua namna gani? Kwenye Toyota, fungua kapo ao mulango wa dereva, utafute kibao kidogo cha chuma ao karatasi. Mbele ya neno TRANS/AXLE kuna namba. Ikianza na K, kwa mufano K310, ni CVT. Ikianza na U ao A, kwa mufano U340E, ni otomatiki ya kawaida. Piga picha ya kibao hicho, uitume kwa fundi wako mbele ya kusafiri.

Corolla NZE121, iliyouzwa Japani toka mwaka 2000 hadi 2006, ina moteri ya 1NZ-FE ya litre 1.5. Moteri hiyo inatumia mnyororo wa ndani, si mukaba wa mpira. Premio za litre 1.5 na Probox nyingi za kwanza zina moteri hiyo hiyo, na piese zake zinajulikana na mafundi. Premio ya litre 2.0 yenye maandishi D-4 ni jambo lingine: ina CVT, na namna yake ya kuchoma esanse inataka mafuta safi. Kwa esanse ya kwenye chupa kando ya barabara, ni hatari. Carina za miaka ya 1990 zina mukaba wa mpira unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu mukaba mupya katika bei.

Kilomita: namba na ukweli

Kompteri inaweza kurudishwa nyuma kwa muda mufupi. Kwa hiyo usinunue namba, nunua hali. Fanya hesabu ndogo. Gari iliyotengenezwa 2004, ikiuzwa 2024 na kilomita 80,000, ilitembea kilomita 4,000 tu kwa mwaka. Kutoka Mahagi hadi Bunia ni karibu kilomita 180. Ni kusema kwamba kwa mwaka muzima ilifanya safari kumi na moja tu za kwenda Bunia na kurudi. Inawezekana, lakini muuzaji aonyeshe karatasi.

Karatasi gani? Gari inayotoka Japani inakuwa na hati ya kutolewa inchini, na humo kilomita zimeandikwa. Linganisha na kompteri. Kisha angalia mpira wa pedali ya freni, ngozi ya volan, na kiti cha dereva upande wa mulango. Pedali iliyolainika kama sabuni na kompteri ya 60,000 haviendi pamoja.

Gari ya kilomita 240,000 ambayo mwenyewe anakuonyesha lini alibadilisha mafuta ya bwate, ni bora kuliko ya 90,000 isiyo na historia.

Kuijaribu: fika asubuhi

Omba gari isiwashwe mbele yako kufika. Weka mukono juu ya kapo. Kama ni moto, uliza kwa nini: moteri na bwate zenye ugonjwa zinaonyesha dalili wakati wa baridi. Kisha fuata hatua hizi:

1. Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa zote za tablo ziwake. Taa ya moteri isipowaka kabisa, labda imeondolewa. Kisha washa, ile taa izimike. Taa ya O/D OFF ikipepesa-pepesa yenyewe, bwate imeandika kosa.

2. Angalia moshi. Wa bulu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya radiateri.

3. Kanyaga freni, toa kwenye P uweke R, kisha D. Gari ikamate katika sekunde moja hivi, bila kupiga teke. Ikichelewa sekunde tatu ao ine, achana nayo.

4. Endesha kwenye barabara sawa. Vitesi vibadilike bila kushtuka. Kama moteri inalia juu lakini gari haiongezi mwendo, bwate inateleza.

5. Panda mulima, na kwetu milima haikosekani. Simama katikati, halafu uondoke polepole. Hapo bwate iliyochoka inajifunua.

6. Tembea angalau dakika ishirini na tano, kwa sababu magonjwa mengine yanakuja wakati wa joto.

7. Ukirudi, acha moteri inawaka, mukono uko kwenye P, vuta kijiti cha bwate, pangusa, rudisha, vuta tena. Mafuta yafike alama ya HOT. Rangi nyekundu ni nzuri. Kahawia bila harufu inaweza kukubalika. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapana. Rangi ya maziwa na pinki ni mbaya zaidi: maji ya radiateri yameingia ndani ya bwate, juu bomba la kupoza mafuta hayo linapita ndani ya radiateri. Bwate nyingi za CVT hazina kijiti; hapo fundi lazima aingie chini ya gari.

8. Zima, weka karatasi nyeupe ao boksi chini ya moteri, ngojea kidogo. Tone jekundu linaweza kuwa mafuta ya bwate.

Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu tayari. Waswahili wanasema kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Wewe fungua gunia.

Karatasi na mupaka

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, hata kama gari ni nzima. Gari yenye plaki ya Uganda inayokaa huku bila duani kulipwa inaweza kukamatwa siku yoyote, na aliyekuuzia amekwisha kuvuka mupaka.

Kwanza, linganisha namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Chuma kikiwa kimekwaruzwa ao kuungwa, ondoka. Inaweza kuwa ya wizi.

Pili, jina la muuzaji liwe lile lililo kwenye kitabu cha gari. Akisema ni ya kaka yake, kaka aje mwenyewe. Huku mupakani familia za Alur ziko pande zote mbili. Kama una shemeji ao mujomba Nebbi ao Paidha, umutume aulize kuhusu muuzaji mbele yako kupeleka pesa.

Tatu, mbele ya kulipa, nenda ofisi ya duani (DGDA) uulize hesabu ya gari ile yenyewe: mwaka wake, moteri yake, na volan yake. Kanuni za umri wa gari na za volan ya kuume zinabadilika. Jibu la jirani aliyenunua miaka mitano iliyopita si jibu. Dai risiti ya kila malipo. Mutu anayekuahidi "kupitisha" gari bila karatasi anakuuzia shida yako ya kesho.

Ine, hesabu pia plaki, karte rozi, asiransi na ukaguzi wa gari.

Kugawa pesa

Tuseme una dola 4,000. Usitafute gari ya dola 4,000. Weka kando kwanza dola 1,000 ya matengenezo ya miezi ya kwanza: mafuta yote, pine, batri, freni, amortisa. Dola 3,000 zinazobaki ndizo zitakazolipa gari pamoja na duani na karatasi. Kama hesabu haitoshi, ngojea zamu nyingine ya likelemba, ao chukua pikipiki kwanza. Si haya. Haya ni kuwa na gari na kukosa pesa ya freni kwenye muteremuko wa kwenda Mahagi-Port.

Ukishanunua

Badilisha mafuta ya bwate kwa aina ile ile iliyoandikwa kwenye kijiti ao kitabuni. Kwa NZE nyingi ni T-IV. Usikubali "hii inafaa zote", na usichanganye na mafuta ya CVT. Kwa bwate ya kilomita nyingi, fundi afungue bulo ya chini, mafuta yatoke yenyewe, ajaze kiasi kile kile, kisha arudie baada ya wiki chache. Kuyasukuma yote kwa mashini kunaweza kuamusha uchafu uliolala.

Ukishuka mulima murefu, weka 2 ao L ili moteri isaidie freni. Usiweke N, hutapunguza esanse ya maana, utapoteza nguvu ya kuzuia gari. Usitoke D kwenda R mbele gari kusimama kabisa. Gari ikiharibika, isivutwe kwa kamba safari ndefu: kwa gari inayosukumwa na pine za mbele, pine hizo ziinuliwe, ao gari ipakizwe. Na kwenye RN27 safiri muchana, uulize habari za usalama na za barabara mbele ya kuondoka.

Bei ndogo inapendeza siku moja. Fundi wa kwenda naye kukagua atataka pesa kidogo na chakula cha muchana. Mulipe. Kama atakuambia "hii hapana", umeokoa pesa ya watoto.