Mchanga wa Altona

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, na katika wiki chache kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji jirani, uliguswa kidogo tu. Na hawa hawakuwa majirani wa mbali. Palikuwa na mitaa ambayo upande mmoja ni Hamburg, upande wa pili ni Altona. Watu walikutana kazini, walinunua sokoni pamoja, na miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Tena Altona ilichota maji yake huko chini, baada ya mto kupokea uchafu wa vyoo vya Hamburg. Kwa hesabu ya kawaida, Altona ndiyo ingeteketea kwanza.

Kilichoiokoa ni mchanga.

Nimeandika habari za milipuko ya kipindupindu kwa miaka kadhaa sasa, na kila mara narudi kwenye kisa hiki. Wengi hukisimulia kama ushindi wa sayansi ya vijidudu. Mimi nakisoma kama kisa cha bili: nani alipe ili maji yawe safi.

Maana mbinu yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1804, huko Paisley, Uskoti, John Gibb alichuja maji kwa ajili ya kiwanda chake cha kung'arisha vitambaa, na yaliyozidi akawauzia watu wa mji. Mwaka 1829 James Simpson akaijengea kampuni ya maji ya Chelsea, London, mchujo mkubwa wa mchanga. Mwaka 1852 sheria ya Uingereza ikaamuru maji ya mto yanayouzwa London yachujwe kwanza. Hiyo ni miaka 40 kabla ya msiba wa Hamburg.

Na inavyofanya kazi, wala huhitaji shahada. Unajenga birika pana, chini unaweka kokoto, juu yake mchanga wa kama mita moja. Maji yanaingia juu na kushuka yenyewe kwa uzito wake, taratibu mno, sentimita 10 hadi 20 kwa saa. Hakuna moto, hakuna dawa. Baada ya siku kadhaa juu ya mchanga hutanda utando wa utelezi, uliojaa viumbe wadogo. Utando huo ndio fundi mwenyewe. Chembe za tope hunasa humo, na vijidudu vingi hunasa au huliwa. Ukiziba, unakwangua sentimita chache za juu, unaanza upya. Wakamba wanaofukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, na Wagogo kule Dodoma, wanajua sehemu ya siri hii: yaliyopita mchangani hutoka angavu kuliko ya dimbwi.

Sasa Hamburg ilikuwa na nini? Pesa ilikuwapo. Baada ya moto mkubwa wa 1842, mhandisi Mwingereza William Lindley aliujengea mji mtambo wa kisasa uliosukuma maji ya Elbe mpaka majumbani. Mabomba yalikuwapo, mchujo haukuwapo. Konokono na mikunga wadogo walipita kwenye mabomba, mpaka mtaalamu wa wanyama Karl Kraepelin akafanya utafiti juu ya viumbe wanaoishi humo. Mji ulijitawala, na sauti kubwa barazani ilikuwa ya wafanyabiashara na wenye nyumba. Wakabishana miaka na miaka juu ya gharama. Walipokubali hatimaye kujenga, ikawa kipindupindu kimefika kabla ya kazi kwisha. Altona, iliyokuwa chini ya Prussia, ilikuwa imeanza kuchuja tangu 1859.

Robert Koch alipotumwa kutoka Berlin na kuona vichochoro vya maskini wa Hamburg, inasimuliwa aliwaambia wenzake kwamba amesahau kama yuko Ulaya. Pale mpakani aliona jambo jingine: kundi la nyumba zilizokuwa upande wa Hamburg lakini zikipata maji ya Altona. Ugonjwa haukuingia humo. Mpaka wa mauti ulifuata bomba.

Wakati huo wakubwa wa Hamburg waliwaambia watu wachemshe maji. Ushauri ni sahihi, hata leo tunausikia redioni kila mlipuko unapotokea. Lakini hebu tuutazame vizuri. Kuchemsha ndiyo njia inayokula kuni na mkaa kuliko zote, na gharama yake inamwangukia mama mwenye sufuria, kila siku. Mchanga unajengwa mara moja, kwa kodi ya wote, na kumlinda hata asiyekuwa na mkaa. Serikali inapotuambia tuchemshe, imetupa bili iliyokuwa yake.

Isidhaniwe kwamba mchanga ni uganga. Majira ya baridi yaliyofuata, mapema 1893, barafu iliharibu kazi ya mchujo mmoja wa Altona baada ya kusafishwa, na kipindupindu kikaingia humo. Koch akatoka na kanuni: maji yasishuke kwa kasi kuliko sentimita 10 kwa saa, na kila birika lipimwe peke yake, kila siku. Kwa maneno mengine, pawe na mtu wa zamu anayelipwa kwa wakati, mwenye ruhusa ya kufunga koki hata mkubwa akipiga kelele kwamba maji hayatoshi.

Michujo ya Hamburg ilianza kazi Mei 1893. Mjadala uliokwama kwa miongo ulimalizwa kwa miezi michache, baada ya makaburi kujaa.